Tumekuja Kumwona Mtoto

Nilikisoma kile kijitabu cha Tamko la Haki za Binadamu, lile lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, kwa nia moja tu: kutafuta ibara ambayo washairi wenzangu hawataigombania. Shindano lilikuwa na makundi mawili, vijana wa miaka 12 hadi 24 na sisi watu wazima, na kila shairi lilitakiwa lisimame juu ya ibara moja kati ya zile 30. Ya 19, uhuru wa maoni, nilijua itarukiwa kama mpira wa kona. Ya 3, haki ya kuishi, wataililia wote. Nikashuka taratibu hadi ya 24: kila mtu ana haki ya kupumzika na kustarehe, saa za kazi ziwe za kiasi, na likizo za kulipwa. Nikasema hii imeandikwa kwa ajili yangu.

Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga. Siku hizi redio inayoletwa kwangu ni ya marehemu babu wa mtu, kwa hiyo nafasi ya kutunga ninayo. Nikashusha beti saba, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimekaa kama meno ya kitana kipya. Ubeti wa kwanza huu hapa:

Kungali giza naitwa, nikimbie kisimani,
Nikirudi nafuatwa, nitumwe tena sokoni,
Hata kuketi nasutwa, nionekane mhuni,
Nami nataka jamani, haki ya kupumzika.

Mbele kidogo kuna mshororo niliojivunia kuliko yote: "Mimi hupewa ukoko, minofu ni ya wageni." Ukweli ni kwamba kisimani nilikwenda mara moja, siku bomba lilipokauka. Na huo ukoko naukwangua mwenyewe kwa kijiko, ole wake atakayenitangulia. Lakini mshairi asipotia chumvi atatia nini?

Fomu ilikuwa ya kujaza kwenye simu, nikamwachia mpwa wangu. Umri wangu ni 51. Yeye vidole vikamtangulia, akaandika 15, na simu ikafungua kisanduku kipya.

"Mjomba, wanauliza mlezi wako nani."

Nilikuwa nimeuma risasi ya kulehemu mdomoni, nikadhani ananitania. "Mlezi wangu nani tena? Andika Mama Zuhura."

Akaandika, na namba ya simu ya Mama Zuhura akaiweka. Akabonyeza tuma.

Wiki mbili baadaye, saa nane mchana, nimejilaza kwenye mkeka ukumbini, feni inanipepea, nikasikia hodi. Mama Zuhura alikuwa uani anafua. Akatoka na povu mpaka kwenye viwiko, akawakuta watu watatu: mwenyekiti wa mtaa, bibi mmoja kutoka kwa waandaaji wa shindano, na afisa ustawi wa jamii mwenye faili kwapani.

"Shikamoo mama," akaanza yule afisa, kwa sauti ya mtu anayeingia msibani. "Tumekuja kumwona mtoto."

"Marahaba. Mtoto gani?"

"Huyu unayemlea. Wa miaka 15."

Mtoto wetu ni mmoja, Zuhura, naye kaolewa Muheza. Mama Zuhura akasema hivyo. Afisa akatingisha kichwa kama aliyekwisha kusikia majibu ya namna hiyo mara nyingi, akaanza kumweleza Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kazi za kumzidi nguvu ni kosa. Mwenyekiti akakohoa: "Mama Zuhura, kama mmeleta mtoto toka kijijini, semeni tu, tutayamaliza kiungwana." Majirani walikwisha kujaa ukutani.

Ndipo afisa akafungua faili akaanza kusoma. "Kungali giza naitwa, nikimbie kisimani..."

Usingizi ulinitoka kama umeme uliokatika. Nikafikiria mlango wa uani, nikakumbuka uani kuna nguo zimejaa kamba zote, sipiti. Alipofika kwenye ukoko, Mama Zuhura akainua mkono wenye povu.

"Subiri baba. Huyo mtoto nimemjua. Yuko hapo ndani, amelala." Akageuka. "Baba Zuhura! Njoo uokolewe!"

Nikatoka nimefunga msuli, mvi kichwani, alama za mkeka shavuni. Mwenyekiti alishika nguzo akacheka mpaka kofia ikadondoka. Afisa alitazama faili, akanitazama mimi, akatazama faili tena. Aliyeniumiza roho ni yule bibi wa shindano. Kumbe majaji wazee walishangilia kweli: kila kijana alikuwa kaleta guni, shairi lisilo na vina wala mizani, halafu mmoja tu, wa miaka 15, anajua ukwapi na utao, vile vipande viwili vya mshororo! Walikuwa wameanza kusema ushairi wa mapokeo umepona. Sasa arudi kuwaambia nini?

Kundi la vijana nikatolewa. La watu wazima, muda ulikuwa umepita. Kilichobaki ni begi la shule walilomletea yule mtoto, la buluu, lina daftari nne na picha ya pomboo. Afisa alikataa kurudi nalo, alisema limeshaandikwa kuwa limetolewa. Natunzia bisibisi na waya. Juzi mteja kaniuliza niko darasa la ngapi.

Mama Zuhura naye alikichukua kile kijitabu akakisoma mpaka kurasa za mwisho, nisikofika mimi. Kesho yake, kungali giza kweli, nikasikia ndoo inawekwa kando ya kitanda.

"Baba Zuhura, amka. Ibara ya 29 inasema kila mtu ana wajibu."

Na maji siku hiyo hayakuwa yamekatika.