Kapeti Lenye Kiuno

Nimeona grupu la mtaa linachemka tangu asubuhi. Yule mpangaji mwenzangu wa chumba cha uani kasharusha habari kwamba nimeunguza nyumba, tena nikiwa na taulo tu. Uongo mtupu. Nyumba ipo, nilivaa bukta, na moto haukuwaka popote. Nasimulia mwenyewe kabla hajaongeza gari la zimamoto.

Uyole yetu hapa Mbeya, mwezi wa saba mnaijua. Jua linachungulia saa nne, linaona aibu, linarudi zake nyuma ya ukungu. Ndani ya baridi hiyo ndipo shangazi yake mchumba wangu akatangaza kwamba anapanda kutoka Tukuyu, aje aone "kijana anaishije". Kijana anaishi juu ya sakafu ya saruji, na meza, na viti vya plastiki. Nikaenda Mwanjelwa kwa dada, nikaazima kapeti lake la manyoya, jeupe pee, ambalo hata shemeji hathubutu kulikanyaga na soksi. Dada alinipa kwa sharti: lirudi kama lilivyo.

Jioni ileile nikalimwagia maharage. (Mnaouliza kwa nini nilikuwa nakula wali maharage juu ya kapeti jeupe: nilikuwa najizoesha kukaa kama mtu mwenye kapeti.)

Kulifua hakukunishinda. Maji baridi, sabuni ya unga kiduchu, brashi laini, suuza, doa likaondoka. Kazi ilikuwa kukausha. Lililala kambani, na kulipokucha bado linachuruzika. Manyoya yenyewe makavu karibu yote, ila mgongo wake ni wa gunia, na gunia likishakunywa maji halina haraka ya kuyatapika. Shangazi anaingia saa sita. Nikatoa pasi.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo mwenzetu alipotia chumvi.

Nikalitandika sakafuni. Pasi nikaiweka kwenye alama ya pamba. Nikaanzia pembeni, juujuu. Mvuke ukapanda, chumba kikanukia sabuni, nikajisifu kwa sauti kabisa, "Wewe mwanaume wewe!" Nikasogea katikati. Simu ikalia: mchumba anasema shangazi kashapita Isyonje. Nikamjibu kwa mkono mmoja, pasi imetulia palepale chini ya mkono mwingine. Si muda mrefu jamani. Ni muda wa kuandika "karibu sana" na kutafuta ua la kuweka mwishoni.

Harufu ikabadilika. Sabuni ikaondoka, ikaja harufu ya ndoo iliyoegeshwa kwenye jiko. Nikanyanyua pasi. Haikuja. Nikavuta kwa nguvu, ikaja na kapeti lake. Nikasimama wima, pasi imefika usawa wa kifua, kapeti linaning'inia, nami nalikanyaga pindo ili liachie. Likaanza kuachia: nyuzi nyeupe zikavutika kama mlenda kutoka kwenye pasi mpaka sakafuni. Na pale katikati, manyoya yanajikunja kimyakimya, moja baada ya jingine, yanageuka vidonge vigumu. Halafu kapeti lenyewe likajivuta. Nililiona kwa macho yangu. Kingo za huku na huku zikasogea ndani, zikitafutana. Kapeti la watu la mstatili likapata kiuno.

Nageuka, mpangaji mwenzangu yuko mlangoni na simu yake. Hakusema pole. Alisema, "Sogea dirishani kidogo, hapo kuna giza."

Yaliyofuata ni mafupi. Meza nikaiweka juu ya jeraha. Shangazi akaja, akanywa chai, akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akaondoka. Dada alikuja jioni, video ikiwa imemtangulia. Akageuza kapeti, akanionyesha kitambulisho kilichoshonwa nyuma: polipropilini. "Hii ni plastiki, mdogo wangu, ileile wanayofumia salfeti za viazi. Ulishaona wapi mtu anapiga pasi salfeti?" Sikuwa nimeona. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 na ushee, na pasi ya pamba inagonga 200. Hata kabla ya kuyeyuka, joto linaisinyaza. Kwa hiyo maji ya moto hapana, jiko la mkaa hapana. Alisema ningelifua bila kuliloweka, nikalikandamiza kwa taulo kavu, nikalitundika penye upepo, mgongo ukitazama nje, nikasubiri. Nikamwambia shangazi hasubiri. Akaniambia nalipa kwa awamu.

Pasi bado ina manyoya.

Na mchumba kanipigia sasa hivi: shangazi anauliza makapeti yenye umbo lile yanauzwa duka gani Mwanjelwa, analitaka la chumbani. Mwenye jibu aniandikie pembeni, si kwenye grupu.