Skani ya PET: mgonjwa wa Malindi apelekwe Nairobi lini?

Habari za mashine inayoonyesha mchochota wa mwili mzima kwa mara moja zimewapa matumaini wengi wanaougua baridi yabisi, na yana msingi. PET ni skani inayonasa miale ya dawa yenye mionzi iliyodungwa mwilini. Ile ya kawaida huona kipande cha sentimita 15 hadi 30 kwa wakati, na mara nyingi huishia mapajani. Magoti na vifundo, makao yenyewe ya ugonjwa, huachwa nje. Mashine ya mwili mzima ya kundi la Simon Cherry na Ramsey Badawi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, iliyotoa picha za kwanza za binadamu mwaka 2018, ina urefu wa sentimita 194. Kwa kuwa hunasa miale mingi zaidi, dozi ya mionzi yaweza kupunguzwa sana, na hiyo ni nafuu kubwa kwa ugonjwa wa maisha.

Kikwazo ni dawa yenyewe. Hiyo ni FDG, sukari yenye florini-18, ambayo penye mchochota huifyonza zaidi pakang'aa pichani; nguvu ya mionzi yake hupungua nusu kila dakika 110. Ikikaa njiani saa nane, hubaki kama asilimia 5. Ndiyo maana mgonjwa ndiye anayeifuata dawa Nairobi, na safari hiyo yaweza kuiharibu picha. Mahamri na chai ya sukari hupandisha insulini, nayo husukuma FDG kwenye misuli. Afunge chakula angalau saa 6, anywe maji matupu, na sukari ya damu isizidi 11 mmol/L. Baridi ya basi la usiku nayo huamsha mafuta ya kahawia shingoni, yale yanayoupa mwili joto, yakang'aa kama ugonjwa.

Linalotutia hofu zaidi ni prednisoloni, dawa ya kutuliza mchochota. Siku chache za kuimeza zaweza kufifisha mng'ao wa mishipa mikubwa ya damu yenye mchochota, ripoti ikarudi safi ilhali mtu ni mgonjwa. Hata hivyo asiiache kwa hiari yake, kwani mchochota wa mishipa ya kichwani hupofusha.

Halafu, PET haitaji jina la ugonjwa. Kifua kikuu, usaha na saratani vyote hula sukari, hivyo penye mng'ao huenda bado pakahitaji kukatwa kinyama cha kupimwa.

Mwenye vidole vilivyovimba waziwazi aanze na vipimo vya damu vya CRP (cha mchochota) na anti-CCP (cha baridi yabisi), eksirei na ultrasaundi. Fedha za skani zingemfaa zaidi kwa methotreksati, dawa ya kuudhibiti ugonjwa huo, na vipimo vya ini vinavyoandamana nayo. Skani tunaitetea kwa homa ya wiki nyingi isiyojulikana chanzo, au mchochota wa mishipa mikubwa ya damu unaposhukiwa. Daktari aandike mapema kama mikono na miguu ipigwe pia.

Anayetoka Lamu, mwenye kuvuka kwanza hadi Mokowe, afike Nairobi siku moja kabla, ajifunike vizuri, na barua yake itaje kiasi cha prednisoloni na tarehe aliyoianza.