BHA katika vyakula vya viwandani: tumbo la panya na uzito wa mtoto

Pakiti ya krispi iliyosahaulika kabatini kwa miezi mingi ikifunguliwa hutoa harufu inayofanana na ya rangi ya mafuta iliyozeeka. Hayo ni mafuta yaliyochacha: oksijeni imeziingilia molekuli zake zikazaa radikali huru, yaani vipande vya molekuli visivyotulia, kila radikali ikaiharibu molekuli ya jirani, na mwisho wa mnyororo huo ndipo zilipotokea aldehidi zenye harufu ile. BHA (butylated hydroxyanisole), kemikali ya kuzuia mafuta yasichache ambayo pakiti nyingine huiandika E320, imetumika viwandani tangu miaka ya 1940 kwa ajili ya kuukata mnyororo huo. Huipa radikali atomu ya hidrojeni ikaituliza, nayo yenyewe hubaki katika hali isiyo na nguvu ya kuendeleza uharibifu. Kiasi kidogo sana hutosha, na sheria za Marekani zinakomea kwenye asilimia 0.02 ya mafuta yaliyomo katika chakula, yaani miligramu 200 kwa kila kilo ya mafuta.

Mzozo kuhusu usalama wa BHA ulizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Nobuyuki Ito na wenzake nchini Japani walipowalisha panya chakula chenye asilimia 2 ya BHA kwa muda mrefu, na panya hao wakapata saratani. Mwaka 1986 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaiweka BHA katika kundi 2B, yaani kemikali ambazo huenda zikasababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 1991 ikaingia pia katika orodha ya serikali ya Marekani ya vitu vinavyotarajiwa, kwa sababu za msingi, kusababisha ugonjwa huo. Jambo linalosahaulika katika mabishano haya ni kwamba miaka kumi kabla ya Ito, mwaka 1972, mtafiti Lee Wattenberg alikuwa ameonyesha kuwa BHA hiyohiyo iliwakinga vipanya dhidi ya uvimbe uliosababishwa na kemikali nyingine. Kwa hiyo anayeitaja kuwa sumu tupu na anayeitaja kuwa kinga, kila mmoja ana maabara ya kuegemea.

Wanaoitetea BHA hutanguliza hoja ya maumbile, nayo ina uzito. Uvimbe ule ulitokea katika tumbo la mbele, mfuko ambao panya anao na binadamu hana, na ambao huhifadhi chakula kwa muda kabla ya kukipitisha kwenye tumbo lenye tezi. Kemikali hukaa humo ikigusana na ngozi ya ndani, inaikera, chembe hai zinaongezeka ili kuziba jeraha, na kukera huko kukiendelea bila kukoma uvimbe hujitokeza. Wanyama wasio na mfuko huo, kama mbwa na nyani, walipopewa BHA hawakuonyesha uvimbe wa namna hiyo. Tena asilimia 2 ya chakula ni gramu 20 kwa kilo; hata kama mlo wa mtu ungekuwa mafuta matupu yaliyotiwa BHA hadi kikomo cha sheria, panya wale bado wangekuwa wamekula mara 100 zaidi.

Hoja hii inajibu swali la tumbo la mbele peke yake. Majaribio ya chembe hai nje ya mwili yameonyesha kwamba BHA inaweza kuiga, kwa udhaifu, kazi ya homoni ya estrojeni, na jambo hilo halihusiani kabisa na maumbile ya tumbo. Hata utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000, ambao haukupata uhusiano kati ya ulaji wa kawaida wa BHA na saratani ya tumbo, uliwafuatilia watu waliokuwa na umri wa miaka 55 hadi 69 walipoandikishwa, na uliuliza kuhusu saratani hiyo tu. Ni habari njema kwa wazee; kuhusu watoto haukusema kitu, wala haukukusudia kusema.

Upande wa pili nao hurahisisha mambo unapodai kwamba BHA iondolewe tu. Mafuta yaliyooksidika yana kemikali zake zenye madhara, kwa hiyo kuondoa kinga bila kuweka nyingine ni kubadilisha shaka moja kwa nyingine. Mbadala upo: tokoferoli (vitamini E), dondoo la rozimari, gesi ya nitrojeni ndani ya pakiti, vifungashio visivyopitisha mwanga. Lakini tokoferoli ikizidishwa inaweza yenyewe kuchochea uoksidishaji, ilhali BHA hustahimili joto la oveni na karai na kuendelea kufanya kazi ndani ya chakula kilichokwisha kuiva. Kwa biskuti kavu iliyofungwa vizuri, sioni sababu nzito ya kuing'ang'ania. Kwa vyakula vilivyokaangwa na kukusudiwa kukaa muda mrefu, mtengenezaji ana hoja ya kweli.

Kwa maoni yangu shtaka la saratani ni dhaifu kuliko linavyotangazwa, na hofu iliyobaki inahusu kipimo. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka kikomo cha ulaji wa kila siku, kwa maisha yote, kuwa miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mwaka 2011 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ikaweka miligramu 1. Tuchukue krispi za gramu 100 zenye gramu 30 za mafuta, zilizotiwa BHA hadi mwisho wa kiwango kinachoruhusiwa. Humo mna miligramu 6. Mtu mzima wa kilo 60 amekula sehemu moja ya tano ya kikomo kile cha chini, lakini mtoto wa kilo 15, ambaye kikomo chake ni miligramu 7.5, amekula asilimia 80, na bado hajagusa nafaka za asubuhi wala biskuti. Kupitiliza siku moja hakumdhuru, kwa kuwa vikomo hivi vimewekwa kwa tahadhari kubwa. Tatizo ni mtoto anayekula hivyo kila siku. Mzazi wake akitaka kufanya hesabu hii mwenyewe ataigeuza pakiti na kukuta herufi tatu, BHA, bila idadi ya miligramu.