Msiukate kabla ngoma hazijaingia

Juzi usiku mtangazaji mmoja wa redio aliweka "In the Air Tonight" ya Phil Collins, akapiga stori juu ya mwanzo wake wote, kisha akaukata kupisha matangazo ya biashara. Ngoma zilikuwa bado hazijaingia! Hasira hazijaniisha.

Wimbo ule ni wa kusubiri. Kwa zaidi ya dakika tatu ni kimashine cha midundo kinagonga polepole, kinanda kimetanda chini yake, na sauti ya mwanamume ambaye ndoa yake imevunjika, anajizuia asilipuke. Na huyo ni mpiga ngoma! Kabla ya kushika maikrofoni ya bendi ya Genesis, Collins alikuwa nyuma ya ngoma zao. Albamu yake ya kwanza peke yake, wimbo wa kwanza kabisa, na ngoma zake kaziweka kando mpaka moyo wa msikilizaji umejaa. Ndipo zinapodondoka.

Sikiliza mshindo wenyewe: mnene, umevimba, halafu kimya ghafla, mwangwi umekatwa. Yeye na fundi mitambo Hugh Padgham waliukuta katika studio ya Townhouse, London, wakirekodi albamu ya Peter Gabriel ya 1980. Maikrofoni ya kuwasikilizia wanamuziki wakiongea iliachwa wazi Collins akipiga, nayo ilikuwa na kifaa cha kubana sauti kubwa na kuinua ndogo. Baada ya hapo redio za miaka ya themanini zikajaa ngoma za namna hiyo. Wengi walichukua mshindo, kusubiri wakakuacha.

Haya, nakubali, haraka ya redio haikuanza leo. Ahmet Ertegun, bosi wa kampuni ya rekodi ya Atlantic, aliposikia wimbo aliuliza ngoma ziko wapi, na toleo la singo, lile lililouzwa nje ya albamu, likaongezewa ngoma mapema. Lakini kibao kilichotoka Januari 1981 kilifika nafasi ya pili Uingereza, na Marekani ya 19. Ule mdondoko mkubwa ulibaki mahali pake, na watu waliusubiri.

Ile hadithi inayosimuliwa, kwamba wimbo unahusu mtu aliyeachwa azame majini, Collins mwenyewe ameikana. Wimbo hauihitaji.

Basi ndugu watangazaji, kama hamna dakika tano na nusu, wekeni wimbo mwingine. Mifupi ya miaka ileile ipo tele, na mizuri.