Katika joto la pwani ya kusini, tupime moyo kabla ya kasi

Mtu anayekimbia au kuendesha baiskeli kwa mazoezi katika mikoa ya Mtwara na Lindi anahitaji kipimo cha kumwonyesha kama anajitahidi kwa kiasi, amepitiliza, au anajidanganya. Wengi hutumia kasi, yaani dakika ngapi kwa kilomita, kwa kuwa siku hizi simu huitaja hata bila kuulizwa. Mimi naona kwamba katika pwani hii kasi inapotosha kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kwamba mwenye uwezo wa kununua kipima mapigo ya moyo anunue, lakini akitumie kujizuia zaidi kuliko kujihimiza.

Chanzo cha yote ni joto likiungana na unyevunyevu. Mwezi wa Julai, kusi inapovuma, barabara ya kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani hukimbilika alfajiri bila taabu. Ikifika Novemba au Desemba, kabla mvua hazijashika, mtu yuleyule akipita barabara ileile saa ileile atajiona kama amebebeshwa mzigo. Hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka mpaka ndani ya viatu badala ya kukauka juu ya ngozi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Hapo mwili hulazimika kupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili joto lipate kutoka, ilhali damu hiyohiyo inadaiwa na misuli ya miguu, na tayari imepungua kwa sababu ya maji yaliyopotea kwa jasho. Kila pigo la moyo likisukuma damu kidogo kuliko mwanzo, moyo hauna budi kuongeza idadi ya mapigo ili kazi isikwame. Ndiyo maana mkimbiaji aliyeanza na mapigo 140 kwa dakika anaweza kujikuta kwenye 155 baada ya muda, na hajaongeza mwendo hata kidogo. Kwa anayetazama kasi peke yake, hakuna kilichobadilika.

Hali hii haiwachagui wanaoanza tu. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda sawa na wa Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata, wakatenganishwa na picha ya mstari wa kumalizia. Muda huo ulikuwa nyuma kwa dakika kadhaa ya muda wake bora, na hakuna mwenye akili aliyesema kwamba Simbu ameshuka kiwango: Tokyo kulikuwa na joto na unyevu. Ikiwa bingwa wa dunia hupunguza mwendo kwa sababu ya hali ya hewa, sioni kwa nini mhasibu wa Shangani au mwalimu wa Mingoyo ang'ang'anie mwezi wa Desemba kasi aliyoipata Julai, kisha arudi nyumbani na kichwa kinachogonga akiamini kwamba uvivu ndio uliomwangusha.

Nimewahi kuambiwa kwamba Filbert Bayi hakuvaa kifaa chochote alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974. Ni kweli, na asingeweza kukivaa hata kama angetaka, maana kampuni ya Polar ya Ufini, iliyotangulia kutoa kipima mapigo kisichotumia waya cha kuvaliwa na mwanamichezo, ilianzishwa mwaka 1977, na kifaa chenyewe kikaingia sokoni mwaka 1982. Lakini Bayi ni mtu wa Karatu, na Simbu ni wa Singida. Alfajiri za huko ni za baridi, na mtu anaweza kujifunza kuusikiliza mwili wake bila joto kumvurugia hesabu kila siku.

Kinachonikera zaidi kuliko ubishi huo ni kanuni ya 220 kutoa umri, ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wako unaweza kufikia, ambayo saa nyingi huitumia mara tu unapoandika tarehe ya kuzaliwa. Kanuni hiyo ilitokana na wastani wa makundi ya watu miaka ya 1970, na wastani hauvai viatu vya mtu mmoja mmoja. Mwenye miaka 40 huambiwa kwamba kilele cha moyo wake ni mapigo 180, wakati watu wazima wa umri huo walio na afya njema hutofautiana sana, mmoja akiishia 168 na mwingine akipita 190. Mwaka 2001 ilitolewa kanuni nyingine, ya 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mwenye miaka 40 inaleta 180 ileile, lakini kwa mwenye miaka 60 inatoa 166 badala ya 160, na kwa kijana wa miaka 20 inatoa 194 badala ya 200. Ni afadhali, lakini nayo bado ni wastani. Mwenye kilele cha 168 akifuata maeneo ya mazoezi, yaani viwango vya mapigo vya zoezi jepesi hadi gumu, yaliyopangwa kwa 180 atakuwa anafanya zoezi gumu huku saa ikimpongeza kwa zoezi jepesi, na atashangaa kwa nini miguu haipati nafuu wiki nzima.

Njia ya kuaminika ni kujipima mwenyewe. Mtu mzima wa afya, aliyekwisha kuzoea mazoezi, achague asubuhi ya ubaridi katika msimu wa kusi na barabara tambarare, apashe mwili vizuri, kisha akimbie peke yake kwa dakika 30 kwa nguvu ambayo ana hakika ataimudu mpaka mwisho. Wastani wa mapigo wa dakika 20 za mwisho unakaribia sana mpaka ambao, ukiuvuka, mwili huanza kuchoka kwa haraka. Mazoezi mepesi, ambayo ndiyo yanayopaswa kuwa mengi, yabaki chini ya takribani asilimia 90 ya wastani huo. Asiye na kifaa ana kipimo kingine ambacho sikidharau hata kidogo: kuongea. Anayeweza kubishana juu ya Simba na Yanga kwa sentensi nzima huku anakimbia yuko panapofaa, na anayebaki kujibu kwa "ee" na "wapi" ameshavuka.

Kuhusu kifaa chenyewe, napendelea mkanda wa kifuani kuliko saa ya mkononi, na sababu zangu zina uhusiano na barabara zetu. Saa humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kukisia mapigo kutokana na jinsi damu inavyourudisha mwanga huo. Inafanya kazi nzuri mtu akiwa ametulia au akikimbia kwa mwendo usiobadilika, lakini mkono ukitikisika, saa ikilegea kwa jasho, au kasi ikipanda ghafla, huchelewa kufuata, na mara nyingine hunasa mdundo wa hatua zako na kukuonyesha huo badala ya moyo. Mkanda hupokea umeme mdogo wa moyo wenyewe, kwa hiyo kila pigo huhesabiwa lilipotokea. Sehemu zake mbili za mpira zinazogusa ngozi zinatakiwa kulowanishwa kabla ya kuvaa, kwani zikiwa kavu husoma ovyo dakika za mwanzo, ingawa kwa jasho la huku tatizo hilo halidumu. Linalodumu ni chumvi. Mkanda ukitundikwa mlangoni bila kusuuzwa hukauka na kuacha ukoko mweupe kwenye kitambaa, halafu huwasha ngozi na baada ya miezi unakufa. Usuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya zoezi, na kile kidude cha katikati kibanduliwe, kwa sababu kikiachwa kimebanwa kwenye mkanda wenye unyevu huendelea kudhani kimevaliwa na kumaliza betri.

Kwa waendesha baiskeli hoja ya mkanda ina nguvu zaidi. Mtu aliyeshika usukani kwenye barabara ya vumbi anakaza viganja na kukunja kifundo cha mkono, na mtikisiko wote unapanda mpaka kwenye saa. Tena kasi ya baiskeli ni ya kudanganya kuliko hata ya miguu. Kutoka Lindi kuelekea Mingoyo upepo ukiwa mgongoni utajiona bingwa, na ukirudi nao uso kwa uso utaona aibu, ilhali juhudi ni ileile. Mapigo hayajali upepo umeelekea wapi. Jambo moja tu linasahaulika: namba za kukimbia zisihamishiwe kwenye baiskeli. Kwa kuwa kiti kinabeba uzito na misuli inayotumika ni michache, kwa watu wengi mapigo ya baiskeli huwa chini kwa 5 hadi 10 kwa juhudi inayofanana, kwa hiyo kila mchezo upimwe kivyake. (Wanaobeba magunia ya korosho kwa baiskeli wakati wa msimu wangetucheka kwa hesabu hizi zote, na sina jibu la kuwapa.)

Wanaohamia huku kutoka Iringa au Mbeya wasiogope wiki mbili za kwanza. Mwili huchukua takribani muda huo kuzoea joto: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, na mapigo kwa mwendo uleule hushuka. Hata mtu wa Newala, juu kule kwenye Uwanda wa Makonde, akiteremka Mtwara kwa mbio za Jumamosi ataona namba zimepanda. Wanaokimbia jioni kabla ya futari mwezi wa Ramadhani wategemee hali hiyohiyo, kwa sababu mwili umekosa maji tangu alfajiri. Mwendo wa kutembea haraka unawatosha.

Namba ambayo mimi naithamini kuliko zote haihitaji kununua chochote. Ni mapigo ya asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, vidole viwili vikiwa juu ya mshipa chini ya dole gumba, ukihesabu kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili. Mtu mzima huwa kati ya 60 na 100 akiwa amepumzika, na wanaofanya mazoezi ya masafa kwa muda mrefu hushuka chini ya 60. Muhimu ni kuijua namba yako ya kawaida. Ikipanda kwa 10 bila sababu, huenda jana ulizidisha, hukulala, au hukunywa maji ya kutosha. Huku kwetu kuna sababu ya nne. Homa hupandisha mapigo kwa takribani 10 kwa kila nyuzi moja ya joto la mwili, na malaria haijatuondokea. Anayeona namba imepanda, viungo vinauma na baridi inamtambaa, asiende kukimbia ili "atoe jasho", kama wanavyoshauri wengi barazani. Aende kituo cha afya apimwe.

Kipima mapigo kina wasiofaa kukifuata. Wanaotumia dawa za presha za aina ya atenolol au propranolol mapigo yao hayapandi kama ya wengine, kwa hiyo maeneo yote niliyoyataja hayawahusu, na watumie kipimo cha kuongea baada ya kuzungumza na daktari wao. Anayebanwa kifua asimame, hata kama namba iliyo mbele yake inapendeza.

Nazitazama klabu za jogingi za Mtwara na Lindi, zinazotoka kwa fulana za rangi moja na wimbo mmoja, nami nazipenda. Kasoro yao ni kwamba watu wa umri na afya tofauti wanalazimishwa mwendo mmoja, na mwendo huo huwa wa yule kijana anayeongoza wimbo. Ningependa zianze saa 11:30 alfajiri badala ya saa 1 asubuhi, na baada ya kilomita mbili za kwanza pamoja, kundi ligawanyike katika vikundi vya watatu au wanne kufuatana na namba zao au na uwezo wao wa kuongea, kisha wakutane tena kwenye uji. Nyimbo ziachiwe kundi la polepole, kwa maana ndilo litakalokuwa bado na pumzi ya kuimba.