Hakuna Mtu Anayehamia Mkoa

Kuna video inazunguka kwenye magrupu wiki hizi, nimetumiwa hadi na watu ambao hata salamu huwa hawanipi. Kijana amesimama kwenye kilima cha kijani, ukungu nyuma yake, sweta kaifunga shingoni, chai inafuka mkononi, anasema: "Achaneni na Dar, hamieni Njombe." Ikiisha inafuata orodha ya mikoa kumi bora ya kuhamia, kila mmoja na nyota zake kama hoteli. Arusha nyota nne. Tanga tatu. Lindi mbili. Sijui Lindi imemkosea nini.

Sina ugomvi na anayetaka kuondoka Dar. Sensa ya 2022 ilitukuta watu milioni 5.38, na Jumatatu asubuhi pale Kimara huwa naamini wote wako mbele yangu kwenye foleni. Anayeweza kuondoka aondoke, na nitamsaidia kubeba friji. Kinachonipandisha presha ni hilo swali linaloulizwa kila mahali sasa: "Jamani, mkoa gani mzuri wa kuhamia?" Na watu wazima, wenye akili zao na madeni yao, wanajibu! "Iringa." "Morogoro bwana." "Tanga raha." Utadhani wanachagua soda.

Hakuna mtu anayehamia mkoa. Unahamia mtaa. Bomba lake linatoa maji siku mbili kwa wiki au halitoi kabisa, barabara yake inapitika Aprili au haipitiki, na shughuli unayoijua wewe ina wateja hapo au haina. Mkoa ni himaya ya mkuu wa mkoa, yeye ndiye anayeuhamia wote kwa pamoja, tena kwa gari la serikali.

Tuanze na hiyo hiyo Njombe ya sweta. Panda Makete hadi uwanda wa Kitulo, uko zaidi ya mita 2,600 juu, na asubuhi ya Julai unaweza kukuta umande umeganda juu ya nyasi. Haya, geuka ushuke Ludewa mpaka Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo hata mita 500 hazifiki sawasawa. Huko shuka utalitupa pembeni usiku wa manane na utakachokikumbatia ni neti. Mkoa ni ule ule, mkuu wa mkoa ni yule yule, ila mmoja anauza viazi mviringo na mwingine anavua dagaa. Kijana wa video alikuwa anatuhamishia ipi?

Tabora peke yake ina eneo linalozidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Morogoro nayo vivyo hivyo. Hebu mwambie mtu wa Kigali unataka kuhamia "Rwanda na Burundi, popote tu, nasikia kuna hali nzuri ya hewa." Atakutafutia kiti ukae, uletewe maji. Lakini sisi tunasema "nahamia Moro" na watu wanapongeza, huku hakuna aliyeuliza kama ni Kihonda, ambako treni ya SGR iko karibu na mlango, au ni Gairo kwenye upepo, au ni Malinyi ng'ambo ya mto Kilombero, ambako kabla ya daraja kufunguliwa 2018 ulikuwa unasubiri kivuko na kumwomba Mungu.

Nina rafiki fundi viyoyozi. Kazi anaijua, mikono yake ina baraka, Kariakoo nzima alikuwa anapigiwa simu. Akaamua kuhamia Tanga, na hesabu yake ilikuwa nzuri tu: Tanga ni pwani, joto lipo, maofisi yapo, mahoteli yapo, mafundi wazuri si wengi. Tatizo shemeji yake alikuwa na nyumba tupu Lushoto, bila kodi. Akasema Tanga ni Tanga. Nikamwambia kaka, ukifika Mombo umelowa jasho, halafu gari linaanza kupanda zile kona za Soni, kilomita 30 na kitu, kila kona abiria mmoja anafunga dirisha, na ukishuka stendi ya Lushoto unawakuta akina mama wanauza mapeasi wamevaa makoti. Nani kati yao atanunua kiyoyozi? Akanijibu kwamba wateja atawafuata Tanga mjini, si mkoa mmoja? Mkoa mmoja, ndiyo, na nusu siku ya basi. Mteja ofisini kwake anavuja jasho, fundi bado anakunywa chai Soni. Mwaka haukuisha, akashusha vitu vyake Korogwe, na sasa anatengeneza friji za mabucha na za wauza soda kandokando ya barabara kuu, anaendelea vizuri. Yuko Tanga ile ile yenye nyota tatu.

Mifano mingine mnaijua. Mbeya ya Tukuyu, ambako mwavuli ni kama kiatu, hutoki bila, na Mbeya ya Chunya yenye vumbi na dhahabu. Kilimanjaro ya Marangu yenye baridi na Kilimanjaro ya Same yenye ukame, na kule Marangu kwenyewe usijidanganye, kihamba cha watu, yaani shamba la ukoo, hakiuzwi kwa mgeni aliyekuja na video.

Halafu mikoa yenyewe inahama. Mtu aliyejenga Makambako akiwa Iringa, 2012 alijikuta Njombe. Wa Mpanda alilala Rukwa akaamka Katavi. Wa Tunduma mwaka 2016 walihamishwa kutoka Mbeya kwenda Songwe bila kunyanyua godoro. Sikusikia bei ya nyanya ikibadilika kwa ajili hiyo.

Sawa, nikubali kwa shingo upande, mkoa una maana kidogo. Una maana kwenye mambo makubwa ambayo yako machache. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, kuwa karibu na hospitali kubwa kama Bugando, KCMC, Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni jambo la kufikiria kabla ya mandhari. Reli nayo imesogeza watu: tangu SGR ianze safari za Dodoma Julai 2024, unaweza kutoka Dar asubuhi, ukahudhuria kikao na ukalala kwako. Ila hata hapo treni inakushusha stesheni ya Dodoma. Aliyehamia "Dodoma" akimaanisha Kondoa ana zaidi ya kilomita 150 nyingine, na hakuna kiyoyozi cha treni kitakachomfuata huko.

Kama unataka kujua wanaohama kweli wanahamaje, waangalie wafugaji wa Kisukuma. Wametoka Shinyanga na Mwanza, leo unawakuta Katavi, Rukwa, bonde la Kilombero, hadi Lindi ile ya nyota mbili. Hakuna aliyewapa orodha. Anatangulia kijana mmoja au wawili, anaangalia nyasi, anaonja maji, anauliza nani wa ukoo au wa kijiji yuko karibu, anarudi na jibu. Ndipo ng'ombe wanatoka. Najua hadithi hiyo ina upande wake wa machungu, ng'ombe wakiingia mashamba ya watu, waulize wakulima wa Kilosa, sijaisahau. Nazungumzia namna ya kuuliza. Sisi wenye digrii na simu janja tunauliza nyota, mchunga ng'ombe anauliza maji. Nani kasoma?

Kwa hiyo kama kweli unaondoka, nenda ukaione sehemu ile kwenye mwezi wake mbaya. Kila mahali kuna mwezi wa kupiga picha. Dodoma ya Februari ni ya kijani, mahindi yamesimama, utaapa waliosema ni jangwa walikuonea wivu. Irudie Oktoba, upepo unarusha mifuko, mvua ya mwisho watu wameshaisahau, ndipo uulize maji ya boza yanauzwaje mtaa huo. Bonde la Kilombero liangalie Aprili. Panga chumba kwanza, hata mwaka, na mwenyekiti wa mtaa akujue kabla dalali hajakujua. Na ukiambiwa shamba ni la kijiji, "lina karatasi za mwenyekiti, bosi, usijali," wewe jali. Ardhi ya kijiji ina Sheria yake ya mwaka 1999, ina halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa wanakijiji, na mhuri wa mtu mmoja mwenye njaa hautoshi.

Shule nimeziacha makusudi. Kila mzazi ana kichaa chake.

Mtaniuliza mimi ningekwenda wapi, maana najua kukosoa ni rahisi. Ningekwenda Muheza. Nimesema Muheza, sikusema Tanga. Mji wenyewe, upande wa barabara kuu, kwa sababu kazi yangu inataka intaneti na basi la Dar, Tanga mjini si mbali nikihitaji benki au samaki, machungwa nitanunua kwa ndoo, na hospitali iko pale pale. Joto nimelizoea. Mke wangu ameisikiliza hotuba hii yote mpaka mwisho, akasema yeye joto hataki, yeye ni Lushoto au tubaki hapa hapa Kimara. Mkoa, basi, tumeshakubaliana. Bado kilomita mia na ushee.