Sampuli, Usiguse

Watu wakisikia nasoma zoolojia hudhani nashinda Serengeti na simba. Mimi kazi yangu ni korodani za panzi. Usicheke. Mwaka 1902 Mmarekani Walter Sutton alichungulia huko huko ndani ya panzi wakubwa wa Kansas, akaona kromosomu, vile vinyuzi vya ndani ya seli, zinakwenda jozi jozi, akasema huenda ndizo zinazobeba urithi. Seli za mahali pale hazichoki kugawanyika, na kromosomu za panzi ni kubwa, huna haja ya kukodoa macho sana.

Basi Novemba, msimu wa senene, nikafunga safari ya Bukoba kwa shangazi. Senene ni ndugu wa panzi, na Kagera usiku mmoja wa taa kali na mabati unajaza mapipa. Nikapata ndoo yangu, nikakaa barazani kuchambua. Jike ana kitu kama upanga mkiani, cha kutagia; dume hana. Shangazi akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, unawatazama nini huko nyuma?"

"Nataka madume tu, shangazi."

"Mh! Tangu lini senene akaulizwa jinsia?"

Madume nikawafunikia kwenye ndoo, juu nikabandika karatasi: SAMPULI, USIGUSE. Spiriti ya kuchanganya na asidi ya siki, ile inayozigandisha seli zibaki zilivyo, ilikuwa imevujia begini njiani, kwa hiyo asubuhi nikaenda mjini kutafuta nyingine.

Niliporudi, harufu ilinipokea getini. Shangazi alishanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu. Karatasi yangu aliiona. Ndiyo aliyowashia jiko.

"Walikuwa wanakufa bure, mwanangu, nikawawahi. Na umechambua vizuri, hakuna hata upanga mmoja wa kunichoma!"

Nikachukua mmoja nikampasua hivyo hivyo, nikatia rangi, nikainamia hadubini. Kromosomu hakuna. Matone ya mafuta tu, yanameremeta.

Wa pili sikumpasua.

Jioni msimamizi wangu akapiga simu.

"Sampuli zikoje?"

"Zimekauka, profesa. Na zimeingia chumvi."

Kimya. Naye ni mtu wa Muleba, huko huko Kagera.

"Kitunguu je?"